Kidole na Neno: Lugha ya Uandikishaji wa Watu katika Afrika ya Mashariki, tangu Kipande hadi Namba

Utangulizi

Mjadala kuhusu vitambulisho, alama za vidole na haki ya mtu kutochunguzwa umeachiwa kwa muda mrefu wanasheria na wataalamu wa kompyuta. Wanaisimu huitwa mwishoni, kazi ikiwa karibu kwisha, ili watafute istilahi za kutafsiria fomu. Mpangilio huo una kasoro, kwa sababu suala lenyewe ni la lugha tangu mwanzo wake. Mashine isomayo kidole hujibu swali moja tu, nalo ni hili: je, kidole hiki ndicho kile kilichowekwa hapa siku fulani? Mashine haijui kama mwenye kidole ni raia au mgeni, mkulima au mkimbizi. Hayo husemwa na maneno yaliyoandikwa kando ya alama. Kidole huthibitisha tu kwamba maneno hayo ni ya mtu huyu na si ya mwingine. Maneno yakiwa ya kweli, kidole huithibitisha kweli. Yakiwa ya uongo, kidole hicho hicho huuthibitisha uongo, tena kwa uhakika ambao karani wa zamani, mwenye kalamu na kumbukumbu dhaifu, hakuwa nao.

Mfano ulio wazi unapatikana kaskazini-mashariki mwa Kenya. Kambi za Dadaab zilifunguliwa kuanzia mwaka 1991 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Somalia. Katika miaka ya ukame, Wakenya wa Kisomali waliokuwa jirani na kambi hizo walipanga foleni na kuandikishwa kuwa wakimbizi ili wapate chakula na matibabu; wengine walikuwa watoto waliopelekwa na wazazi wao. Walipofika umri wa miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho cha taifa, alama za vidole vyao zilikutwa katika kumbukumbu za wakimbizi, na maombi yao yakakataliwa. Maelfu ya watu walikwama hivyo kwa miaka mingi, wasiweze kuajiriwa rasmi, kufungua akaunti ya benki wala kusajili laini ya simu. Hakuna kidole kilichodanganya, wala hakuna mashine iliyokosea. Kilichowafunga ni nomino moja, 'mkimbizi', iliyoandikwa siku ya njaa.

Kipande

Matumizi ya alama za vidole katika utawala yalianzia Bengal, katika Uhindi ya Waingereza. Mwaka 1858 ofisa mmoja wa utawala, William Herschel, alimtaka mkandarasi wa huko aupige mkataba chapa ya kiganja chake ili asije akaukana. Mwaka 1897 ofisi ya alama za vidole ilifunguliwa Calcutta. Kazi ya kuzipanga alama hizo katika makundi yanayotafutika haraka ilifanywa kwa sehemu kubwa na wasaidizi wawili wa Kihindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, ingawa utaratibu wenyewe ulipewa jina la mkuu wao, Edward Henry. Polisi wa London waliupokea mwaka 1901. Inafaa kukumbukwa kwamba maarifa haya yalijaribiwa kwanza kwa watawaliwa, ndipo yakapelekwa kwa wahalifu wa nchi ya mtawala.

Nchini Kenya sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilitungwa mwaka 1915, na utekelezaji wake ukaanza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kati ya mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa utu uzima alipaswa kuchukua cheti chenye jina lake, kabila lake na alama za vidole vyake, pamoja na jina la mwajiri, mshahara, na tarehe za kuanza na kuacha kazi. Mwajiri asipotia sahihi ya kumwachilia, mfanyakazi hakuweza kuajiriwa kwingine, na akitoroka alifuatwa kwa cheti hicho. Cheti kilitiwa ndani ya kikasha cha bati na kuvaliwa shingoni kwa kamba. Jina lake lilikuwa kipande.

Neno hili linastahili kutazamwa kwa utulivu. Shina lake ni pande, yaani sehemu kubwa iliyokatwa au kumeguka, na kiambishi ki- kinalipunguza: kipande cha nyama, kipande cha nguo, kipande cha ardhi. Kila kipande ni kipande cha kitu. Katika Afrika ya Mashariki ya Wajerumani, na baadaye katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika chini ya Waingereza, neno hilo lilitumika kwa kadi ya kazi iliyogawanywa siku 30. Kibarua alilipwa kadi ikijaa, na siku asiyofanya kazi haikuhesabiwa. Hapo maana ya 'sehemu' bado ilikuwa hai, kwani kadi ilikuwa kipimo cha kazi. Kenya ilipolichukua neno, maana yake ilifinywa: kikawa kipande tu, bila 'cha'. Kilichomegwa hakikutajwa tena. Wakikuyu walikiita kĩbandĩ kwa matamshi yao, na kile kikasha cha bati wakakipa jina la mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Jina la utani lilisema ambalo jina rasmi lilinyamazia: kengele hufungwa mnyama ili mchungaji ajue alipo.

Upinzani dhidi ya kipande, pamoja na kodi na kupunguzwa kwa mishahara, ndio uliomtoa Harry Thuku. Alikamatwa Machi 1922, na umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe ulipigwa risasi tarehe 16 ya mwezi huo. Hesabu ya serikali ilikubali vifo 21, na wengine walitaja idadi kubwa zaidi. Kipande chenyewe kiliendelea kwa robo karne nyingine. Ajabu ni kwamba neno halijafa. Sheria ya Kenya imeliacha tangu miaka ya 1940, lakini mtaani kitambulisho cha taifa bado huitwa kipande, hata na vijana ambao babu zao hawakukivaa. Kamusi zinazolipa neno hili maana ya 'cheti cha zamani' zinahitaji kurekebishwa.

Sahihi na alama

Mwaka 1947 ilitungwa sheria mpya iliyokusudia kuwaandikisha watu wa rangi zote nchini Kenya kwa utaratibu mmoja. Walowezi wengi wa Kizungu walikasirika. Malalamiko yao hayakuwa juu ya kuandikishwa. Yalikuwa juu ya vidole. Mwisho serikali ilirudi nyuma, ikaruhusu anayejua kusoma na kuandika atumie picha na sahihi badala ya alama za vidole. Waafrika wengi hawakuwa wamepelekwa shule, kwa hiyo usawa uliotangazwa na sheria ulifutwa kimyakimya kwa kigezo cha elimu.

Lugha ya Kiswahili inaeleza kwa nini walowezi walijali jambo hilo. Mtu anayejua kuandika hutia sahihi, na sahihi ni neno lenye maana ya jambo lililo sawa, lisilo na kasoro. Mwandikaji kwa mkono wake mwenyewe huisahihisha hati. Asiyejua kuandika hutia dole gumba, na kinachobaki kwenye karatasi ni alama. Ng'ombe ana alama, gunia lina alama, mpaka wa shamba una alama. Sahihi hutolewa na mtu. Alama huachwa na kitu, au huwekwa juu ya kitu. Tofauti hii ya kisemantiki imefifia leo kwa kuwa profesa na mvuvi wote huweka vidole juu ya kioo kimoja. Je, kufifia huko ni usawa? Inategemea aliyesogea ni nani: kama mvuvi amepandishwa hadi kwenye sahihi, au kama profesa ameshushwa hadi kwenye alama.

Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa tangu mwaka 1954 kuchukua vitabu vya kupitia juu ya vitambulisho vyao. Katika misako ya miaka hiyo ndipo alipotokea gakunia. Huyu alikuwa mtoa habari aliyefunikwa gunia kutoka kichwani, likitobolewa matundu mawili ya macho. Washukiwa walipitishwa mbele yake mmoja mmoja, naye akitikisa kichwa, mtu alitengwa na kupelekwa kizuizini. Jina lake limetokana na gunia, likapachikwa kiambishi cha udogo cha Kikuyu. Gakunia hakusema neno lolote, na aliyetambuliwa hakuweza kumtambua aliyemtambua. Hakuna maelezo bora zaidi ya uchunguzi wa siri katika historia ya eneo hili, na picha hiyo itafaa kukumbukwa sarufi ya matangazo ya serikali itakapojadiliwa.

Kwa jirani, Rwanda, neno moja kwenye kadi lilifanya zaidi ya hapo. Utawala wa Kibelgiji ulianzisha katika miaka ya 1930 vitambulisho vilivyotaja kama mtu ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Nafasi hiyo iliitwa kwa Kinyarwanda ubwoko, neno ambalo awali lilihusu ukoo au aina ya kitu. Karani aliyehitaji neno la kujaza kisanduku alilichukua lililokuwa karibu, na neno likabadilika maana ndani ya kisanduku. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, kadi hiyo ndiyo iliyosomwa kabla ya watu kuuawa.

Sarufi ya kujiandikisha

Vitambulisho vya sasa vimekuja na lugha ya upole zaidi, na upole huo umejengwa kwa viambishi. Matangazo huwataka wananchi 'wajitokeze kujiandikisha'. Katika kitenzi ku-ji-andik-ish-a, mofimu -ish- ya kutendesha inaonyesha kwamba kuna anayesababisha uandishi ufanyike, na mofimu -ji- ya kujitendea inamfanya mwananchi kuwa mtenda na mtendwa kwa pamoja. Hivyo ndivyo ilivyo pia katika kujitokeza. Sentensi nzima haina serikali ndani yake. Tanzania ilianza kusajili laini za simu kwa alama za vidole tarehe 1 Mei 2019; siku ya mwisho, iliyokuwa 31 Desemba, ilisogezwa mbele hadi 20 Januari 2020, na baada ya hapo laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Ili asajili laini, mtu alihitaji namba kutoka Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, na watu walilala kwenye foleni kuitafuta. Kwa maana ya kisarufi wote hao walijiandikisha.

Upande wa pili wa tangazo, unaohusu kitakachotendeka baada ya kidole kuinuliwa, hubadilisha kauli. Sentensi za aina hii ni za kawaida: 'Taarifa zako zitahifadhiwa kwa usalama na zitatumika kwa madhumuni yaliyokusudiwa tu.' Kitenzi cha kwanza kiko katika kauli ya kutendwa, na kauli hiyo walau inaacha nafasi: 'zitahifadhiwa na nani?' ni swali halali, linalojibika kwa kirai cha 'na'. Kitenzi cha pili kiko katika kauli ya kutendeka, na hapa mlango umefungwa kabisa. Katika Kiswahili kikombe huvunjika, mlango hufunguka, barabara hupitika. Mtenda hayumo, na hawezi kuongezwa. 'Kikombe kimevunjwa na Juma' ni sentensi sahihi. 'Kikombe kimevunjika na Juma' haikubaliki. Kwa hiyo mwananchi anayesoma 'taarifa zitatumika' amenyimwa na sarufi yenyewe nafasi ya kuuliza atakayezitumia. Lililofichwa hapo ni sawa na lile lililofichwa na gunia.

Itadaiwa kwamba waandishi wa matangazo hawakukusudia hivyo, na kwamba kauli ya kutendeka ni mtindo tu wa rejesta ya kiofisi. Ni kweli kwamba si hila ya mtu mmoja. Lakini mazoea ya rejesta ndiyo yanayopaswa kuchunguzwa zaidi, kwa kuwa hila ya mtu mmoja hugunduliwa mapema, na mazoea hurithiwa na kila karani mpya. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu angepata hazina katika matangazo ya usajili ya miaka 20 iliyopita: ahesabu ni vitenzi vingapi vya wajibu vina kiima kinachotajwa, na vingapi vya ahadi havina.

Kenya ilitoa mfano mwingine, wa ngazi ya kirai. Kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, serikali ilianzisha mfumo mmoja wa kukusanya taarifa za watu wote, na mwezi Aprili na Mei 2019 mamilioni ya watu waliandikishwa. Sheria ilikuwa ya Kiingereza; jina la mfumo kwa umma lilikuwa la Kiswahili, Huduma Namba. Jina hilo halikufuata sintaksia ya Kiswahili. Lugha hii huanza na nomino kuu na kuiunganisha na kijalizo chake kwa -a unganifu: namba ya simu, namba ya nyumba, na kwa hiyo namba ya huduma. Kugeuza mpangilio na kutupa kiunganishi kuna athari zaidi ya masikio kukwaruzwa. Kiunganishi -a humlazimisha msemaji aseme uhusiano: namba ya nini, ya nani, kwa huduma gani? 'Huduma Namba' inaweka maneno mawili bega kwa bega bila kueleza lolote, na neno la kwanza, lenye harufu nzuri, linalipaka manukato la pili. Mpango uliofuata mwaka 2023 uliitwa Maisha Namba, kwa muundo ule ule.

Sheria hiyo ya 2018 ilitaja vitu ambavyo serikali ingeweza kuvichukua kutoka mwilini: alama za vidole, umbo la kiganja, umbo la ndewe la sikio, retina na mboni, mawimbi ya sauti, na DNA. Mfasiri wa orodha hiyo huona haraka kwamba Kiswahili cha mwili kina utajiri mahali ambapo mtu asingeutarajia (ndewe ni neno la kila siku, na aliye nalo hana haja ya kirai kirefu) na upungufu kwingine: mboni kwa kawaida ni ile duara nyeusi ya katikati, lakini kinachosomwa na mashine ni utando wenye rangi unaoizunguka. Nubian Rights Forum na mashirika mengine yalikwenda mahakamani. Wanubi wa Kenya, wazao wa askari wa Sudani walioletwa na Waingereza, walikuwa wamepitishwa kwa miongo mingi kwenye kamati za uhakiki kabla ya kupewa kitambulisho, na walihofu kwamba asiye na kadi ya zamani angekosa na namba mpya. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuchukua DNA na kuratibu mahali mtu anapoishi kwa setilaiti ni kinyume cha katiba, na kwamba mfumo usiendelee bila kanuni za kutosha za kuulinda. Oktoba 2021 mahakama hiyo ilibatilisha utoaji wa kadi kwa kuwa athari zake kwa faragha hazikutathminiwa kwanza. Katika hukumu hizo zote mbili hakuna aliyeulizwa maneno ya Kiswahili yaliyosemwa na makarani kwa watu waliokuwa foleni, ingawa kwa wengi wao ndiyo maelezo pekee waliyoyapata.

Kwa upande wa Tanzania, namba yenyewe si bubu. Ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Katika jamii ambamo kumuuliza mzee umri wake hadharani ni ukosefu wa adabu, kila anayetaja namba yake mbele ya wakala wa simu hutaja umri huo bila kuulizwa.

Siri, faragha na mficha uchi

Husikika mara kwa mara hoja kwamba faragha ni dhana ya Ulaya, na kwamba Mwafrika, aishiye kijamaa, haijui. Hoja hiyo haistahimili hata dakika chache za kutazama nyumba ya mawe ya Lamu, inayomtoa mgeni barazani hadi ndani kwa hatua, kila hatua ikiwa na watu wanaoruhusiwa kufika hapo. Wala haistahimili desturi ya hodi. Mtu hupiga hodi, husubiri, hupiga tena. Akikosa jibu mara ya tatu huondoka, hata kama anasikia sauti za watu ndani. Desturi hiyo inahusu nyumba ya maskini sawasawa na ya tajiri, kwani hodi hupigwa hata pasipo na mlango.

Tatizo liko kwenye mipaka ya maneno. Faragha, kwa asili yake ya Kiarabu yenye maana ya utupu na nafasi, katika Kiswahili cha zamani ilikuwa zaidi mahali au hali ya kuwa mbali na watu: kwenda faragha, kuzungumza faraghani. Kuifanya haki inayomfuata mtu hata akiwa katikati ya soko ni upanuzi wa maana uliofanyika karibuni. Siri ni habari inayofichwa, na ina kivuli cha hatia. Ndiyo maana anayekataa kutoa taarifa zake huulizwa ana siri gani. Mwenye kutaka faragha hujikuta akijitetea kana kwamba ametuhumiwa kuwa na siri. Katiba ya Tanzania, kwa haki zilizoingizwa humo mwaka 1984, ilipita mahali hapo kwa hekima: pamoja na faragha, ilitaja nafsi, familia, unyumba, maskani na mawasiliano binafsi. Unyumba ni neno ambalo hakuna mzungumzaji wa Kiswahili anayehitaji kuelezwa kwa nini lilindwe.

Wanaotetea uandikishaji wana methali yao pia: mficha uchi hazai. Ni methali ya kweli, na huwa na nguvu penye ugonjwa au shida. Lakini inatumiwa nje ya mazingira yake. Mwanamke wa methali hiyo hajifunui kwa kijiji. Anajifunua kwa mkunga, saa ya kuzaa, kwa ajili ya kuzaa. Na mkunga anayesimulia aliyoyaona hapati kuitwa tena. Mtu mmoja, kusudi moja, na kinywa kilichofungwa: masharti matatu ambayo sheria za kisasa za ulinzi wa taarifa huyaeleza kwa kurasa nyingi yamo humo. Aijuaye siri ya mtungi ni kata, na hakuna aliyewahi kuisikia kata ikiitangaza.

Mkusanyaji na mhusika

Tanzania ilitunga mwaka 2022 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwa kuwa marekebisho ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, istilahi hizi zina uzito wa kisheria, na hazipaswi kupimwa kama tafsiri za hiari. Tatu zinatosha hapa.

Anayeamua taarifa zichukuliwe kwa ajili gani na zitumiwe vipi huitwa mkusanyaji. Sheria ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika mwaka 2018, humpa mtu huyo jina linalotokana na kutawala na kuamua. Mkusanyaji ni neno jepesi mno. Kukusanya ni kitendo chenye mwisho: mkusanya kodi akishapita, amepita. Mamlaka yanayotisha huanza pale ukusanyaji unapokoma, taarifa zikiwa zimelala mahali na mtu ana ufunguo. Mdhibiti lingefaa zaidi. Istilahi ya pili, mchakataji, imepata bahati. Kuchakata lilikuwa neno la kufanyia kazi mazao kama mkonge na korosho, na picha ya kitu kinachoingia kikiwa kimoja na kutoka kikiwa kingine haipotoshi. Ya tatu ni mhusika wa taarifa, yaani mwananchi mwenyewe. Wanafunzi wa fasihi watatabasamu. Mhusika katika riwaya ni mtu asiyejua anayoandikiwa, hana sauti ila aliyopewa na mwandishi, na hawezi kukifunga kitabu. Kwa bahati mbaya istilahi hiyo inaeleza hali ilivyo kwa usahihi kuliko ilivyokusudiwa.

Kuhusu kukubali, upo uchaguzi kati ya idhini na ridhaa. Idhini hutolewa na mwenye mamlaka kwa aliye chini yake: mwalimu humpa mwanafunzi idhini ya kutoka. Ridhaa ni ya moyo, na hutoka kwa yeyote, hata mtoto wa kike anayeulizwa kuhusu posa. Waandishi wanaochagua ridhaa wanasema kwamba mwananchi lazima awe ameridhika. Wanaochagua idhini wanasema kwamba mwananchi ndiye mkubwa. Zote mbili ni nzuri, na zote mbili haziwiani na fomu ambayo asiyeijaza huzimiwa simu.

Sauti

Katika orodha ya sheria ya Kenya yamo mawimbi ya sauti, na hapo taaluma ya lugha haiwezi tena kukaa pembeni kama mhakiki wa maneno ya wengine. Tayari wanaisimu wa Kiswahili wametumika kutambulisha watu. Baada ya dola ya Somalia kuanguka mwaka 1991, Wabajuni wa Kismayu na visiwa vyake walikimbilia kusini, wakaishi katika kambi karibu na Mombasa, na baadhi yao wakafika Uingereza kuomba hifadhi. Kibajuni ni lahaja ya Kiswahili isemwayo pande zote mbili za mpaka, kuanzia Kismayu hadi visiwa vya Lamu. Wakaguzi wa uhamiaji walihitaji kujua kama mwombaji ametoka Somalia au Kenya, na mara nyingi waliagiza uchambuzi wa usemi wake kutokana na mazungumzo mafupi ya simu. Ripoti za namna hiyo zilipofika mahakamani, wachambuzi walitajwa kwa namba tu, majina yao yakifichwa.

Mwaka 2004 kundi la wanaisimu wa nchi mbalimbali lilitoa mwongozo uliosisitiza kwamba lugha inaweza kuonyesha mtu alikulia katika jamii gani ya wasemaji, na haiwezi kuonyesha uraia wake. Na kwamba uchambuzi ufanywe na mwanaisimu mwenye ujuzi wa lahaja husika. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi iliyohusu waombaji waliosema wametoka Somalia, ilikataa kuzipa ripoti hizo uzito uliopangwa kabla, ikataka kila moja ipimwe kwa ubora wake, na ikawakosoa wachambuzi waliovuka mpaka wa taaluma yao kwa kutoa maoni kuhusu ukweli wa habari za waombaji.

Mvuvi aliyezaliwa Chula, akakulia kambini miongoni mwa wasemaji wa Kimvita, na kuhojiwa kwa simu kwa Kiswahili sanifu na mtu asiyemwona, atapita katika lahaja tatu ndani ya dakika chache, kwani ni desturi ya Mswahili kumfuata mgeni kwa lugha yake. Neno litakaloandikwa kando ya jina lake, na ambalo alama za vidole vyake zitalithibitisha kila zitakaposomwa, linategemea ni ipi kati ya lahaja hizo msikilizaji ameizoea.